Chuma cha Corinne na Kamba Moja

Mimi ni mtu wa chini. Nalisema bila aibu, maana wapandaji wa miti, wale wanaokwea kwa kamba kukata matawi, hudhani kazi yote iko juu, na sisi wa chini tumewekwa pale kuwashikia kahawa. Miaka ishirini na sita nimeshika kamba zao, nimekokota matawi yao na kuilisha mashine ya kusaga matawi mpaka sikio langu la kulia limestaafu kabla yangu. Katika wapandaji wote niliowashikia kamba hapa bonde la Willamette, ni mmoja tu ambaye kila alipokanyaga ardhi, kabla hata hajavua helmeti, alinigeukia na kusema, "Asante, Lyle." Huyo ni Corinne Stensrud, na habari zake ndizo ninazotaka kuzisimulia.

Msidhani kwa hiyo kwamba ni mtu laini. Corinne ana mdomo. Ukikunja kamba yake vibaya atakwambia mbele ya mteja, na mteja akitaka mti mzima ukatwe eti majani yanamchafulia gari, naye ataambiwa lake. Hollis Gantry, mwenye kampuni yetu, alipoteza wateja kadhaa kwa sababu ya mdomo huo. Lakini kila ulipopatikana mti mgumu, ule unaoinamia paa la mtu au nyaya za umeme, jina lililotajwa asubuhi lilikuwa la Corinne.

Alijifunza kupanda kwa baba yake, aliyekuwa mchuma koni. Kila mwisho wa kiangazi mzee huyo alipanda misonobari ya milimani kuchuma koni, yale matunda makavu yenye mbegu, kwa ajili ya vitalu vya miche, na binti yake akaanza kumfuata alipotimiza miaka kumi na tisa. Baba alipoacha kazi, binti akashuka bondeni akaajiriwa na Hollis. Aliolewa, akaachika, akarudi kuishi na mama yake kwenye nyumba ya kijani yenye mjozi, mti mkubwa wa jozi, uani. Mume yule alimtaka achague kati yake na miti. "Yeye alishachoka kuuliza," Corinne aliniambia, "na mimi nilishachoka kujifanya nafikiria."

Nazungumzia mwaka 2008, Corinne akiwa na miaka arobaini na tisa. Wakati huo wapandaji wetu wote walipanda kwa tunachokiita kamba mbili: kamba inapitishwa juu ya tawi, upande mmoja unafungwa kwenye mkanda wako, upande wa pili unauvuta, na kila hatua unayopanda umejinyanyua kwa mikono yako mwenyewe. Kazi hiyo inakula mabega. Kano la bega la kushoto la Corinne lilikuwa limechanika mara mbili, na mara ya pili alikuwa ananyoosha mkono kuchukua kopo la sukari tu. Daktari alimwambia likichanika tena hatachana nywele zake.

Hollis aliijua njia hiyo. Miaka tisa nyuma mabega yake yote mawili yalimshinda, akashuka, akawa mtu wa simu na gari, tumbo likaanza kumtangulia. Hakuwa mtu mbaya. Mwanzoni mwa Juni alimwita Corinne pembeni ya lori, mimi nikiwa nakunja kamba pale pale, wala hakunifukuza.

"Corinne, kuna lile gari dogo," alisema. "Utazunguka kwa wateja, utaangalia miti, utawaambia itachukua siku ngapi. Mshahara wako hauguswi."

"Nani kakwambia nataka kuendesha gari?"

"Bega lako."

"Bega langu halina mdomo, Hollis."

"Linao. Sote tunakusikia unavyoguna ukiwa juu." Akashusha sauti. "Sikiliza dada, mpanda ngazi hushuka. Mimi nilishuka na sijafa."

"Wewe ulishuka kwa sababu mikono iliisha," Corinne alisema. "Miguu yangu haijaisha."

Hayakuwa maneno matupu. Kuna njia nyingine ya kupanda, ambayo wachunguzi wa mapango wanaijua tangu zamani. Kamba moja inafungwa, haisogei, na mtu anaipanda kwa miguu, kitanzi mguu huu na kishikio kwenye goti la pili, mikono ikimsaidia tu kukaa wima. Kwetu tatizo lilikuwa fundo. Mpandaji hukaa kwenye kamba kwa fundo la kamba nyembamba, lililozungushwa mara kadhaa kwenye ile kamba kubwa: ukikaa linabana, ukilibonyeza linateleza na wewe unashuka. Kwenye kamba mbili fundo hilo linabeba nusu ya uzito wako. Kwenye kamba moja linabeba wote, na hapo ama linabana mpaka halibonyezeki, ama linakuachia ghafla huku likiungua. Watu walipanda vizuri kabisa, kisha wakabaki kule juu wakilitukana fundo.

Corinne alitaka kitu cha kukaa juu ya fundo na kulipunguzia mzigo. Sisemi ni yeye peke yake duniani aliyekiwaza. Miaka ile watu wengi kwenye gereji nyingi walihangaika na jambo lile lile, na leo vitu vya namna hiyo vinauzwa madukani kwa kila rangi. Lakini yeye hakuwa na duka. Alikuwa na gereji ya mama yake, jiliwa, tupa mbili, drili, na rundo la mabamba chakavu ya msumeno, yale ambayo mnyororo huyazunguka. Hakuna mkata miti asiye na rundo hilo. Hatuyatupi, na hatujui tunayaweka ya nini.

Chuma cha mabamba yale ni kigumu kuliko kichwa cha Hollis. Wiki ya kwanza Corinne alivunja biti tano za drili. Wiki ya pili akapata vipande viwili vyenye urefu wa kiganja, akavisimamisha sambamba, akavifunga kwa boliti tatu na kuweka gurudumu la kapi katikati. Kamba ilipita kati ya gurudumu na boliti. Ukikaa, uzito wako unakivuta kile chuma upande mmoja, nacho kinaipinda kamba, na hapo inapopindwa ndipo panapopatikana msuguano. Ukisimama kwa mguu, kinalegea na kamba inapita. Ni hivyo tu. Ujanja wote ulikuwa kwenye nafasi kati ya boliti na gurudumu: ikizidi kidogo, fundo linabeba mzigo wote kama zamani; ikipungua kidogo, kamba inagoma kupita.

Tuna desturi moja ambayo hata walevi wetu hawaivunji. Kitu kipya kinajaribiwa chini kwanza, kwa urefu wa goti kutoka ardhini, mara mia, na aliyekitengeneza ndiye anayekaa wa kwanza. Hakuna kuambiana "niamini". Basi kila Jumamosi nilikwenda kwenye ule mjozi, na mwanamke mzima anaketi kwenye kamba, anasimama, anaketi, anasimama, mimi nahesabu huku nikila mikate ya jodari ya Bibi Nadine, mama yake. Majirani walipita na mbwa wao. Mmoja alisimama akauliza kama yale ni mazoezi ya kupunguza mwili.

"Ya kupunguza majirani," Corinne alijibu, bila kuacha kuketi na kusimama.

Cha kwanza kiligoma. Cha pili kiliteleza, naye akakalia majozi ya mwaka jana na kusema maneno ambayo Bibi Nadine aliyasikia kutoka jikoni. Cha tatu hadi cha sita kila kimoja kilikuwa na ugonjwa wake, na kila kimoja alikipiga tupa tena Jumapili. Sikuwahi kumsikia akisema labda haiwezekani. Alisema, "Bado," akaandika kipimo kwa penseli kwenye ukuta wa gereji, basi. Cha saba kilimaliza zote mia bila fundo kubana hata mara moja. Trey Maldonado, mpandaji mwenzake wa miaka ishirini na saba mwenye mabega ambayo bado hayajui uchungu, alikuja kukiona. Alikikalia mara kumi, akashuka, akakigeuza mkononi.

"Ukikilemea kinakubana, ukisimama kwa adabu kinakuachia," alisema. "Huyu ni mama mkwe wangu kabisa." Toka siku hiyo kikaitwa Mama Mkwe.

Hollis naye alikuja, akahesabu mia yake mwenyewe huku amekunja mikono, akatoa ruhusa kwa shingo upande: miti midogo tu, na yeye awepo. Mwezi wote wa Agosti Corinne alipanda mialoni na mipea kwa kamba moja. Alipanda kwa miguu, taratibu, bila kuguna. Jioni alishuka, akaniambia asante kama kawaida, na nikagundua nilikuwa sijamuona akitabasamu kazini tangu mwaka uliotangulia.

Sasa nifike pale ambapo nina lawama. Septemba, Hollis akiwa ameshalegeza sharti lake la miti midogo, tulipewa msonobari mmoja mrefu nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Asubuhi, Corinne akivaa mkanda, kiungo cha Mama Mkwe, pale vyuma vinapozungukia boliti, kililia kidogo. Akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Lyle, nipe mafuta."

Nikampa kopo lililokuwa karibu na mguu wangu. Lilikuwa la mafuta ya mnyororo wa msumeno. Mtu mwingine yeyote angeshangaa, lakini sisi mafuta hayo tunayapaka kila mahali: bawaba za lori, mikasi, zipu za makoti, na Hollis anapaka viatu. Ndiyo yaliyopo, na mikono yetu inayanuka siku zote. Jambo tulilolisahau, sote wawili, ni kwamba mafuta hayo yametengenezwa makusudi yanate, ili mnyororo unaokimbia usiyatupe. Kinachonata kinakusanya. Mpaka saa nane mchana yalikuwa yamekusanya unga wa mbao na utomvu wa msonobari, ndani ya kiungo ambacho maisha ya mtu yamekitegemea.

Alikuwa mita kumi na mbili juu. Alisimama kwa mguu, chuma kikalegea kama inavyotakiwa, na kilipolegea kikaganda hivyo hivyo. Alipokaa hakuna kilichoipinda kamba. Fundo likapokea uzito wote, likateleza. Nilimuona akija chini, mita nne hivi, na moshi mwembamba ukitoka kwenye fundo, na harufu ya nailoni ikanifikia kabla sijaelewa ninachokiona. Alidaka tawi kwa mkono wa kushoto. Alibaki pale amening'inia, na sauti aliyoitoa naisikia mpaka leo, hata kwa sikio bovu.

Trey alipanda akamshusha. Hollis alikifungua Mama Mkwe kutoka kwenye kamba, akakitupa ndani ya sanduku la zana mpaka vyuma vingine vikaruka.

"Hiki hakipandi tena mti wangu," alisema. Alikuwa mweupe midomo. "Nilikwambia, Corinne. Asiyesikia la mkuu."

Corinne, mkono wake umefungwa kwa koti la Trey, hakumjibu. Ni mara ya pekee ninayoikumbuka.

Wahenga wana lao: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bega lilichanika nusu, si lote. Majira yote ya mvua, na kwetu mvua ni miezi mitano, Corinne alikaa nyumbani mkono umening'inizwa shingoni. Mimi nilikiiba Mama Mkwe kutoka kwenye sanduku la zana, nikampelekea kwenye mfuko wa karatasi chini ya keki ya matunda. Alikifungua kwa mkono mmoja, mimi nikimshikia. Alikwangua ule uji mweusi uliokuwa kwenye kiungo, akaupaka kwenye gazeti na kunisogezea.

"Nusa."

Nikanusa. Nilijua kabla gazeti halijafika puani.

"Mimi ndiye niliyekupa kopo," nikasema.

"Na mimi ndiye niliyepaka."

"Corinne, ningekuua."

"Usingeniua wewe, ningejiua mwenyewe kwa uvivu wa kutotazama nimepewa nini." Akanisukumia tupa. "Usinililie hapa, bwana. Kamata hii, mkono wangu mmoja hautoshi."

Basi miezi ile nikawa mkono wake wa kushoto. Tulitengeneza cha nane. Kwenye kiungo aliweka pete ya shaba aliyoikata kutoka bomba la zamani la maji, inayozunguka kavu, bila tone la mafuta. Alipanua nafasi ubavuni ili uchafu utoke badala ya kukaa. Karibu na tundu la pini inayobeba mzigo akatoboa la pili, la kuhamishia pini hiyo pale mzigo unapokuwa wa watu wawili. Juu ya bamba akachora kwa msumari, herufi kubwa: MARUFUKU MAFUTA. Halafu akanitazama mimi, kana kwamba sijui kusoma.

Hilo tundu la pili lilikuwa na maana yake. Kila majira ya kuchipua, Ijumaa ya kwanza isiyo na mvua, Hollis anatukusanya kwenye mwaloni mkubwa ulio kwenye malisho yake. Kila mpandaji lazima apande, amfikie mtu aliyezimia mita kumi na nne juu, na amteremshe salama ndani ya dakika kumi. Aliyeshindwa hapandi mwaka huo. Haijalishi una jina gani. Mtu mwenyewe aliyezimia ni ovaroli kuukuu lililojazwa mchanga, linaloitwa Bwana Mchanga, lenye uzito wa Hollis wa zamani.

Machi, Corinne alirudi kazini akamkuta Hollis ofisini. Nilikuwa nimekaa pale naanika soksi.

"Ijumaa ya mwaloni nitakuwepo," alisema.

"Kwa bega hilo hujinyanyui mwenyewe, sembuse mtu mwingine."

"Kwa kamba mbili, kweli. Nitakuja na kamba moja na chuma changu."

"Nilishasema juu ya hicho chuma."

"Ulisema juu ya cha saba. Hiki ni cha nane." Akakiweka mezani, akamweleza habari ya mafuta, kuanzia mkono wake mwenyewe; kopo langu hakulitaja. Nikalitaja mimi. Hollis alitutazama mmoja mmoja, kisha akatazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Mafuta ya mnyororo," alisema taratibu. "Nyie watu."

"Kipe nafasi mara moja," Corinne alisema. "Nikishindwa, Jumatatu nipe funguo za gari dogo na sitalizungumzia tena mpaka nife. Nikiweza, unaniacha nipande mpaka miguu ikatae."

Hollis alikisukuma kile chuma kuelekea kwa Corinne. "Mara moja," alisema.

Ijumaa hiyo ilikuja na jua dogo na upepo. Trey alimaliza kwa dakika saba, akashuka akijipiga kifua. Zamu ya Corinne ilipofika, alianza kumfunga Bwana Mchanga kamba ya kumpandishia, na sijui nini kilinipata. Nilisikia sauti yangu.

"Mwacheni huyo. Nipandisheni mimi."

Hollis alicheka. "Lyle, we hupandi hata kiti kubadilisha taa."

"Mchanga hauogopi. Mtu akiumia kule juu anaogopa. Kama tunajaribu, tujaribu."

Huo ulikuwa nusu uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala na lile kopo kifuani miezi saba, na sikutaka Corinne aendelee kukitegemea kile chuma peke yake huku mimi nimesimama salama chini. Corinne alinitazama, akaelewa. Hollis alikubali kwa sharti moja, kwamba Trey anishikilie kwa kamba ya pili ya usalama, iliyolegea. Corinne hakuwa na ya pili.

Walinivuta mpaka mita kumi na nne, wakanifunga kwenye tawi, wakaniacha. Sitaeleza mandhari. Nilifumba macho. Nilisikia Hollis akibonyeza saa, na Corinne akiita, "Napanda," na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mimi sikuwa yule wa kumjibu, "Panda." Kisha nikasikia miguu yake kwenye kamba, mguu, goti, mguu, goti, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Nilipofumbua macho helmeti yake ilikuwa kwenye magoti yangu.

"Umezimia?" aliuliza.

"Natamani."

Alihamisha pini kwenye tundu la pili, akanifunga kwenye mkanda wake, karabina kwa karabina, zile ndoano za chuma zinazojifunga, akaangalia kila moja mara mbili.

"Hicho ulishakijaribu na watu wawili?" nikamuuliza.

"Na magunia ya chakula cha kuku. Pale kwenye mjozi."

"Yalisemaje?"

"Hayakuwa na maneno mengi hivi. Sasa kaa, Lyle. Kaa kwangu, kwa uzito wako wote."

Kukaa kule ndiko kugumu. Mwili wangu wote ulikataa, mikono ikaling'ang'ania tawi yenyewe. Nikajilazimisha kuachia. Chuma kilipinda kamba, kikatoa mlio mfupi, na tukasimama pale pale hewani, watu wawili wazima kwenye vipande viwili vya msumeno wa zamani. Corinne aliweka mkono wa kulia juu ya fundo, akalibonyeza kwa vidole viwili, tukaanza kushuka kwa upole hata sikuamini.

Mita sita kutoka ardhini tukasimama ghafla. Kuvu ya kijivu ya mwaloni, ile inayoning'inia kama nywele, ilikuwa imevutwa na kamba ikajisokota ndani ya gurudumu. Fundo halikubonyezeka. Chini nilimsikia Hollis akitaja muda, dakika saba na nusu, sauti yake imekauka.

"Usitikisike," Corinne alisema.

"Mtu mwingine angetumia mikono," nikasema, meno yakigongana. Ilikuwa kweli: kwa kamba mbili ingebidi atuvute sote wawili juu kwa mabega ili kulegeza.

Alisukuma mguu kwenye kitanzi na kusimama. Alisimama kwa mguu mmoja, na mimi nikiwa nimefungwa kwake, kilo themanini na tano za mtu wa chini. Niliona paja lake likitetemeka, niliona jasho likitoka chini ya helmeti, na mkono wa kushoto ukiwa umelala tu kwenye kamba bila kufanya chochote. Tulipanda sentimita tano. Chuma kikalegea. Kwa kidole gumba akaisukuma ile kuvu ikatokea kwenye nafasi aliyoipanua majira ya mvua, akaketi tena, polepole, na chuma kikashika.

"Miguu," alisema, kama anayemjibu mtu.

Visigino vyangu viligusa nyasi kwa dakika tisa na sekunde kumi na moja. Trey alipiga mbinja. Corinne alinifungua, akavua helmeti, na kabla hajasema neno nikamwahi.

"Asante, Corinne," nikasema, na sijali nani alisikia.

Hollis hakupiga makofi. Alikuja akakiangalia Mama Mkwe palepale kwenye kamba, akakigusa pale kwenye pete ya shaba, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Halafu akaanza kuvaa mkanda wa Corinne. Ilibidi aulegeze mpaka tundu la mwisho. Hakuna aliyethubutu kumtania, hata Trey. Corinne alimrudishia pini kwenye tundu la mtu mmoja, akamwonyesha kitanzi na kishikio cha goti, naye akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka tisa, "Napanda."

"Panda, bosi," nikajibu.

Alipanda vibaya mwanzoni, kisha vizuri, mguu, goti, mguu, goti, mpaka akalifikia lile tawi langu na kulipita. Akaketi juu kule. Tulikula mikate yetu, tukanywa kahawa, tukasubiri, na hakuna aliyesema ashuke. Aliposhuka, macho yake yalikuwa mekundu na hakujisumbua kuyaficha. Alisimama mbele ya Corinne akiwa bado amekishika kile chuma.

"Ungekitengeneza miaka tisa iliyopita," alisema.

Corinne alikichukua mkononi mwake taratibu.

"Miaka tisa iliyopita, Hollis, bega langu lilikuwa zima."

Hollis akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akitazama nyasi. Kisha akamwambia Corinne kwamba Jumatatu kuna mwaloni unaoinamia paa la kanisa kule Mtaa wa Pili, na mti huo ni wake.